Namna ya Kuchagua Vielezi vya Mwenendo Usiofaa na Visawe Vyake: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi wa Kiswahili

Mwandishi anayetaka kueleza kwamba mtu ametenda jambo kwa namna isiyofaa hukimbilia neno moja, nalo ni vibaya: alijibu vibaya, alikula vibaya, aliondoka vibaya. Kisarufi neno hili halina kosa, lakini halimwambii msomaji ni mpaka upi uliovukwa, na isitoshe lina kazi ya pili ya kutia mkazo tu. Mtu huweza kuumia vibaya, kushindwa vibaya na, katika mazungumzo ya kawaida, hata kupendwa vibaya, bila ya mtu yeyote kuwa amekosa adabu. Kwa hiyo sentensi kama "alimsukuma vibaya" huacha swali: alimsukuma kwa nguvu nyingi, au alimsukuma kwa namna ya kumvunjia heshima?

Anayelitambua tatizo hili hufungua kamusi akaokota kisawe, na hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa. Kifedhuli, kijeuri, kijuvi, kisafihi, kihuni na bila adabu hufafanuliwa kwa maneno yanayokaribiana mno, kwa kuwa mara nyingi kamusi hulieleza moja kwa kutumia jingine, ilhali katika matumizi maneno haya hayapokezani nafasi kwa urahisi. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa utaratibu ambao mwandishi anaweza kuufuata akiwa na sentensi yake mkononi. Baadhi ya hatua zitamchukua dakika moja, na mojawapo, ile ya pili, itamhitaji atulie.

Hatua ya kwanza: tafuta kinyume kabla ya kutafuta kisawe

Kila kielezi cha mwenendo mbaya kinaishi kwa kutegemea wema fulani uliokosekana. Ukiujua wema huo, umeshapunguza orodha ya visawe kutoka makumi hadi vichache. Basi jiulize kwanza: huyu mtu alipaswa kutenda vipi? Kama jibu ni kwamba alipaswa kutenda kwa adabu au kwa heshima, uko katika kundi la kifedhuli, kijeuri, kijuvi, kwa dharau na bila staha. Kama alipaswa kutenda kwa stara, kundi lako ni bila haya na bila soni. Alipaswa kutenda kiungwana au kistaarabu? Hapo huja kihuni na kishenzi. Kwa utu au kwa huruma? Huja kikatili, kinyama na kihayawani. Aliyepaswa kula au kuchukua kwa kiasi amekula kwa pupa, kwa uroho au kilafi, na aliyepaswa kufuata utaratibu ametenda ovyo, kiholela au hobelahobela.

Jaribio hili linaonekana jepesi, lakini hufichua makosa ambayo jicho huyapita. Chukua sentensi "aliegesha gari kifedhuli". Kinyume cha kifedhuli ni kwa adabu, na hakuna asemaye kwamba fulani ameegesha gari kwa adabu, isipokuwa anatania. Kilichokosekana ni utaratibu, kwa hiyo gari limeegeshwa ovyo. Iwapo mwandishi alikusudia kusema kwamba dereva alimzibia jirani njia kwa makusudi ili kumwonyesha kuwa hana la kumfanya, basi neno lake ni kijeuri, na sentensi itahitaji kumtaja jirani huyo, kwa kuwa ujeuri hutendewa mtu na haukamiliki ukiwa peke yake.

Hatua ya pili: pambanua maneno ya kundi moja

Kundi lenye utajiri mkubwa ni lile la adabu, na ndilo linalohitaji uangalifu kupita yote. Ujeuri umebeba ndani yake ukaidi na nguvu. Mwenye jeuri anaijua amri na anaipinga usoni, au anafahamu kwamba wenzake hawana la kumfanya na hivyo huwatendea apendavyo. Kwa sababu hiyo ujeuri huweza kupanda na huweza kushuka: mtoto humjibu mzazi kijeuri, na mkubwa wa kazi humfukuza mfanyakazi kijeuri. Ufedhuli, ambao wengine huuandika ufidhuli (chagua umbo moja na ulifuate hadi mwisho wa maandishi yako), ni dharau iliyochanganyika na kiburi, nao hauhitaji upinzani wowote. Mtu anaweza kukubali kila alichoambiwa na bado akawa amekubali kifedhuli, kwa maana namna ya kukubali kwake imemshusha aliyesema.

Ujuvi ni jambo jingine. Ndani ya neno lenyewe mna kujua, na mjuvi ni yule anayejifanya ajua, anayejipenyeza katika maneno ya wakubwa na kuuliza yasiyomhusu. Ndiyo maana kijuvi husemwa zaidi juu ya mdogo wa umri au wa cheo, na mwandishi anayesema kwamba mzee alizungumza kijuvi atakuwa amemshusha mzee huyo umri bila kukusudia, au kwa kukusudia ikiwa anaandika tashtiti, yaani maandishi ya kukejeli. Karibu na ujuvi kuna kimbelembele na kiherehere, ambavyo havina ukali wa ujuvi. Mwenye kimbelembele hujitanguliza mahali asipoalikwa, na pengine nia yake si mbaya hata kidogo.

Usafihi, yaani kukosa adabu, kwa upande wake umeelekea zaidi kwenye ulimi. Tunasikia "maneno ya usafihi" na "lugha ya usafihi" mara nyingi kuliko tunavyosikia mwendo wa usafihi, kwa hiyo kwa usafihi na kisafihi hukaa vizuri baada ya vitenzi vya kusema, kama vile kujibu, kuandika na kukemea, na huwa vigeni baada ya vitenzi kama kukaa au kutembea. Neno hili pia ni la maandishi kuliko la mazungumzo. Mhusika wa riwaya anayegombana sokoni hatasema "usinijibu kisafihi", bali atasema "usinijibu ovyo" au "usinikosee adabu".

Ndani ya kundi hilohilo mna maneno ya dharau, nayo hutofautiana kwa chombo kinachotumika. Kwa dharau ndilo neno pana, na laweza kutendeka kwa kunyamaza tu au kwa kutazama. Kwa kejeli huhitaji maneno yenye mzaha wa kuumiza. Kwa kebehi huhitaji nia ya kumwonyesha mtu kwamba hana thamani, hata kama hakuna mzaha. Kwa nyodo ni ya mwili: midomo inapotolewa, macho yanapopandishwa na kushushwa, bega linapotupwa upande. Mwandishi anayeandika "alimwambia kwa nyodo katika barua" amepotea njia, kwa sababu barua haina midomo ya kubenua.

Tukija kwenye stara, bila haya, bila soni na bila aibu huchukuliwa kuwa kitu kimoja, na mara nyingi hakuna madhara kuyachukulia hivyo. Hata hivyo neno haya hutaja hisia inayomzuia mtu kabla hajatenda, ilhali aibu pia ni fedheha yenyewe inayomfika mtu baada ya jambo kutokea, au inayowafika jamaa zake. Kwa hiyo "alivua nguo hadharani bila haya" ni sentensi iliyotulia zaidi kuliko ile yenye bila aibu, kwa sababu kilichokosekana ni kizuizi cha ndani. Soni ina maana ileile ya haya lakini ina sauti ya maandishi na ushairi. Kuna pia usemi wa mtu kuwa mkavu wa macho, yaani asiye na haya, na kutokana na usemi huo mwandishi hupata "kwa macho makavu", ambao unafaa hasa pale mtu anaposema uongo huku akimtazama mwenzake usoni.

Kihuni na kishenzi hutenganishwa na aina ya kosa. Uhuni ni kwenda kinyume na taratibu ambazo watu wamekubaliana, kwa fujo au kwa hila. Ndiyo sababu mtu hulalamika kwamba amefanyiwa biashara kihuni hata kama aliyemfanyia alikuwa mpole wa maneno na safi wa mavazi. Ushenzi hauhusiani na hila. Ni tusi linalomtoa mtu katika ustaarabu mzima, na historia ya neno hili tutaigusa katika hatua ya tano.

Katika ukali, kikatili hueleza kukosa huruma kwa anayeumizwa, kinyama huongeza kwamba mtendaji ameuvua ubinadamu wake, na kihayawani, lililotokana na neno la Kiarabu la mnyama, husisitiza zaidi kutawaliwa na matamanio bila akili kuliko maumivu ya anayetendewa. Waandishi wa habari wamelichosha neno kinyama kwa kulibandika kwenye kila taarifa ya mauaji, kana kwamba kuna mauaji mengine ya kiungwana. Ushauri wangu ni kulihifadhi kwa kisa ambacho maelezo yake yenyewe yanalidai.

Kuhusu pupa na ovyo hakuna mengi. Kwa pupa ni haraka yenye tamaa, nayo yahusu chakula, kazi na hata kusoma. Kilafi na kwa ulafi vimebaki kwenye kula. Ovyo hueleza tendo lisilojali mahali wala namna, kama kutema mate ovyo au kutukana ovyo, na shaghalabaghala hueleza zaidi hali ya vitu baada ya tendo, kama vitabu vilivyoachwa shaghalabaghala sakafuni.

Hatua ya tatu: chagua umbo la kielezi

Kiswahili hukupa njia tatu kuu za kuunda vielezi hivi, na kila moja inasema jambo lake. Ya kwanza ni kiambishi ki- kinachotangulia shina la nomino au la kivumishi: kihuni, kijeuri, kinyama. Umbo hili humfananisha mtendaji na aina fulani ya mtu au kiumbe. Ya pili ni kwa pamoja na nomino ya dhahania: kwa ujeuri, kwa uhuni, kwa unyama. Hili halimfananishi mtu na yeyote, bali lasema tu kwamba sifa hiyo iliandamana na tendo. Ya tatu ni bila, au pasipo, pamoja na jina la wema uliokosekana: bila adabu, bila staha, pasipo heshima. Hili ndilo lenye upole kuliko yote, kwa maana linataja upungufu bila kulitaja ovu lenyewe, na kwa hiyo linafaa katika barua rasmi, ripoti za shule na taarifa za kazi. Katika maandishi ya aina hiyo hutumika pia usemi wa utovu, kama vile utovu wa nidhamu na utovu wa adabu.

Tofauti ya kivitendo hujitokeza pale unapotaka kuongeza uzito. Nomino iliyotanguliwa na kwa hukubali kivumishi, hivyo unaweza kuandika kwa ujeuri mkubwa, kwa ufedhuli usio kifani, kwa dharau ya wazi. Umbo la ki- halikubali hivyo. Huwezi kuandika "alijibu kijeuri kikubwa", na hubaki na sana, mno au kabisa tu. Umbo la bila nalo lina njia yake: bila adabu hata kidogo, bila chembe ya haya. Ukiona sentensi yako inahitaji kufafanua ujeuri ulikuwa wa namna gani, achana na ki- mapema.

Hatua ya nne: jihadhari na ki- zinazodanganya

Si kila neno linaloanza kwa ki- ni kielezi. Kiburi, kisirani, kiherehere na kimbelembele ni nomino kamili, na hudai kwa mbele yake: alijibu kwa kiburi, alidakia kwa kiherehere. Kosa la kuandika "alijibu kiburi" hutokana na kufuatisha kijeuri, nalo hujipenyeza hata katika maandishi ya watu waliobobea.

Upande wa pili kuna maumbo ambayo kanuni inayaruhusu lakini maana nyingine imeyawahi. Kiroho hueleza mambo ya roho na imani, kwa hiyo anayetaka kumsema mroho aandike kwa uroho, la sivyo msomaji atamwona mlaji akisali. Kitundu ni tundu dogo. Mtoto hutenda kwa utundu. Kilevi ni kinywaji kinacholevya, na aliyepepesuka amepepesuka kama mlevi. Kijinga chaweza pia kuwa ukuni unaowaka, ingawa katika sentensi kama "aliongea kijinga" hakuna atakayefikiria moto.

Hatua ya tano: pima hukumu iliyomo ndani ya neno

Kielezi cha mwenendo mbaya hakielezi tu, bali huhukumu, na msomaji husikia sauti ya anayehukumu. Katika riwaya sauti hiyo yaweza kuwa ya mhusika, na hapo una uhuru. Katika habari, ripoti au ushahidi wa maandishi ni sauti yako mwenyewe, na huenda ukaombwa kuithibitisha. "Alizungumza kihuni" ni maoni. "Alimkatiza hakimu mara kwa mara na kumwita mwongo" ni maelezo, na msomaji atajitolea hukumu mwenyewe, pengine kali kuliko yako.

Yapo maneno ambayo hukumu yake haimwishii mtendaji. Katika miji ya Pwani ya Waswahili, waungwana walijitofautisha na washenzi, na washenzi hao walikuwa zaidi watu wa bara na watumwa walioletwa kutoka huko. Kwa hiyo kishenzi lilizaliwa katika dharau ya kundi zima la watu, na kiungwana, kinyume chake kizuri, kina kivuli hichohicho. Leo wengi hulitumia neno kishenzi bila kuikumbuka historia hiyo, na sisemi lifutwe. Ila mwandishi wa insha ya historia au wa hotuba ya umma atafanya vyema kuweka jingine. Kishamba linafanana nalo, kwani humtukana kila aishiye shamba kwa kosa la mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni wa mjini. Kienyeji nalo, linapotumiwa kwa maana ya kazi iliyofanywa bila ustadi, hudhalilisha ujuzi wa wenyeji, ilhali neno hobelahobela lingetosha.

Neno kihuni lina safari tofauti. Katika lugha ya vijana wa mijini, mhuni limekuwa hata neno la kuitana marafiki, na jambo lililofanywa kihuni huweza kusifiwa kwa ujanja na mvuto wake. Ukiandika mazungumzo ya vijana, hakikisha muktadha unaonyesha ni kihuni ya sifa au ya lawama.

Hatua ya sita: kiweke kielezi mahali pake

Kwa kawaida kielezi cha namna hufuata kitenzi na shamirisho yake, yaani mtu au kitu kinachotendewa: alimjibu babaye kijeuri. Shida huja sentensi inapokuwa na vitenzi viwili. "Mlinzi alimtoa nje mteja aliyezungumza kifedhuli" yamlaumu mteja, ilhali "Mlinzi alimtoa nje kifedhuli mteja aliyezungumza" yamlaumu mlinzi. Ukitaka lawama iwe wazi, kisogeze kielezi karibu na kitenzi chake, au kitangulize mwanzoni mwa sentensi kwa umbo la kwa: "Kwa ufedhuli mkubwa, mlinzi alimtoa nje mteja aliyekuwa akizungumza." Umbo la ki- haliketi vizuri mwanzoni namna hiyo.

Kanusho nalo linahitaji jicho. "Hakumjibu kijeuri" inamaanisha alijibu, lakini si kwa ujeuri. "Hakumjibu bila adabu" inamlazimisha msomaji kuhesabu kanusho mbili kabla hajaelewa, na ni afadhali kuandika "alimjibu kwa adabu".

Hatua ya saba: jaribu kukiondoa kielezi

Kiswahili kina vitenzi vingi ambavyo utovu wa adabu umo ndani yake tayari. Aliyesema ovyo ameropoka au amepayuka. Aliyesema kwa hasira na kiburi amefoka. Aliyekumbusha fadhila zake kwa namna ya kuumiza amesimanga. Aliyekula kwa pupa amefakamia au amebugia. Aliyeingia kwa nguvu pasipo ruhusa amejitoma. Kuandika "alifakamia chakula kwa pupa" ni kusema jambo moja mara mbili, na mhariri makini atakata maneno mawili ya mwisho.

Tuseme rasimu yako inasomeka hivi: "Kijana aliingia mkutanoni vibaya, akamjibu mwenyekiti vibaya, akala vibaya chakula kilichoandaliwa, kisha akaondoka vibaya." Kuingia kulipaswa kutanguliwa na hodi, kwa hiyo kilichokosekana chaweza kutajwa moja kwa moja: alijitoma bila hodi. Katika jibu lake kwa mwenyekiti, jiulize kama alipinga agizo au alijipenyeza katika neno lisilomhusu. La kwanza ni kijeuri na la pili ni kijuvi. Kula kwake kumeshapata kitenzi. Kuondoka nako hakuhitaji tathmini yoyote, kwa sababu tendo lililokosekana linatosha: hakuaga.

Matokeo yake ni haya: "Kijana alijitoma mkutanoni bila hodi, akamjibu mwenyekiti kijeuri, akafakamia chakula kilichoandaliwa, kisha akaondoka bila kuaga." Kati ya vielezi vinne vya rasimu kimebaki kimoja tu chenye hukumu ya wazi, na kimebaki kwa sababu namna ya jibu haikuweza kuonekana kwa njia nyingine isipokuwa kwa kunukuu maneno yenyewe. Iwapo anayesimulia ni mwenyekiti aliyejibiwa, waweza kukibadilisha kijeuri kuwa kishenzi, kwa kuwa hapo hasira itakuwa yake wala si ya mwandishi.